Babu Nukta, Aliyetuchechemesha Kwenye Korido

Baada ya miaka thelathini na moja katika chumba cha kamusi, mhariri mwandamizi ambaye sote tunamwita Babu Nukta anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Jina hilo alipewa kwa sababu nukta iliyokosekana humnyima usingizi, na iliyozidi humharibia chai.

Alianza kama msahihishaji wa chapa, enzi ambazo maneno yaliandikwa kwenye kadi na kupangwa katika masanduku ya mbao. Alipanda polepole hadi kusimamia herufi kadhaa za kamusi yetu ya Kiingereza na Kiswahili. Herufi aliyoipenda ni H. Aliyoichukia hakuwahi kuitaja, maana ni mtu wa heshima.

Mchango wake mkubwa hauonekani kitabuni. Ndiye aliyeanzisha desturi ya korido: kitenzi chochote cha mwendo hakipiti mpaka mmoja wetu asomewe maelezo yake, ayatembee, na wengine wakubali kwamba ndivyo. Kwa desturi hiyo mhasibu wetu amewahi kunyata, mpishi wa chai amepiga gwaride, na mgeni aliyekuja kuuza wino alitukuta tunatambaa, akaondoka bila kuaga.

Mwezi uliopita ilifika zamu ya neno "hobble". Toleo la zamani lililieleza kwa maneno mawili tu: kuwa kiwete. Maelezo hayo aliyaandika yeye mwenyewe akiwa bado kijana, na kwa miaka mingi yamemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Toleo jipya lilikuwa linakwenda kiwandani kuchapwa Ijumaa. Litakapotoka jingine, yeye hatakuwa mezani. Ilikuwa wiki ile au basi tena.

Alitueleza habari za neno hilo akiwa amesimama, kama kawaida yake. Zamani lilimaanisha kuyumba huku na huku, na hudhaniwa kuwa lina undugu na Kiholanzi na lugha za jirani zake. Baadaye likawa mwendo wa mtu anayechechemea. Katika karne ya kumi na tisa likapata kazi nyingine, ya kumfunga mnyama miguu kwa kamba fupi ili ale majani bila kutoroka. Mwanzoni mwa karne ya ishirini likapewa sketi iliyobana chini kiasi kwamba mvaaji alipiga vihatua vifupi vifupi. Siku hizi hata mpango uliowekewa vikwazo husemwa kwa neno hilohilo.

Hoja yake ilikuwa moja. Neno linataja mwendo, halimtaji mtu. Aliyechubuliwa na kiatu kipya huchechemea asubuhi, na kesho yake anacheza mpira. Kumwita kiwete ni kumbandika jina lisilo lake, na mwenye ulemavu naye hakutuomba tumfanye tafsiri.

Mkurugenzi alikataa. Kurasa zilikuwa zimeshafungwa. "Babu, shati likishapigwa pasi huongezi mfuko," alisema. Babu Nukta hakubishana. Aliomba korido tu, na korido hainyimwi mtu. Akasoma maelezo yake mapya, na mkurugenzi mwenyewe akajifunga magoti kwa mtandio wake, akashika ukuta, akaanza safari ya kwenda dirishani.

"Mama, gari limewaka lakini breki hazijaachia!" mpangaji wa kurasa akamtania.

"Subiri zamu yako, mwanangu. Wewe nitakufunga na mdomo."

Alipofika dirishani alikuwa anahema na kucheka. Akaufungua mtandio, akaitazama miguu yake mizima, kisha akasema kwamba amekubali, lakini nafasi ya mistari mitatu ya ziada itatoka wapi?

Ukurasa ule ulikuwa na mchoro mmoja tu, wa jembe, kando ya neno "hoe". Babu Nukta aliuchora mwenyewe kwa kalamu ya wino, miaka mingi iliyopita. Kamusi yetu haiandiki majina ya wahariri, kwa hiyo mchoro huo ndio kitu pekee ambacho wajukuu wake huonyeshwa kuwa hiki ni cha babu. Mpangaji wa kurasa alijua, ndiyo maana alitafuta nafasi kwingine kwanza, akakosa.

"Futa," Babu alimwambia. "Jembe kila mtu analijua."

Toleo jipya sasa liko kiwandani. "Hobble" lina mistari minne, na pembeni yake hakuna mchoro.

Tunakushukuru, Babu, kwa uvumilivu wako na kwa kututembeza. Sisi tuliofika juzi tumejifunza kwamba neno likikosewa, kuna mtu mahali fulani linamuumiza. Wajukuu wakikuuliza kazi yako iko wapi, wape mistari ile minne waisome kwa sauti. Uwe na afya njema, usingizi mzuri, na siku nyingi za furaha nyumbani kwako.