Dada Yangu na Konokono Wasio na Gamba

Kwa miaka mingi nilimwona dada yangu kuwa mtu asiye na haya. Nilikosea, na nitalisema kosa hilo mbele yenu, ingawa baadhi yenu mliniomba nisome tu kwamba "alikuwa mwalimu wa sayansi."

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1961 katika makazi ya wafanyakazi wa reli, kifungua mimba wa dereva wa treni na mshonaji. Mwaka 1985 alihitimu shahada ya zoolojia, akaajiriwa na chuo cha ualimu, na huko akatafiti konokono wa baharini wasio na gamba. Kila mmoja wao ana viungo vya kiume na vya kike, na tundu la uzazi liko ubavuni kulia. Wakikutana hulala mzungu wa nne, kulia kwa kulia, kila mmoja akitoa mbegu na kupokea. Wa aina moja hudondosha uume wake baada ya tendo, na kesho yake huwa na mwingine. Hayo yote aliyachora kwa wino, bila kuficha kitu.

Mwaka 1990 aliolewa na fundi saa. Siku ya harusi baba mdogo, aliyeketi hapa mbele, alimchokoza: "Wewe Mama Konokono, huko kwenu nani mume, nani mke?"

"Wote wawili, Baba Mdogo. Ndiyo maana hakuna anayekaa kusubiri kupikiwa."

Mlicheka. Kisha mkawakataza watoto wenu kukanyaga kwake.

Mwaka 1998 barua isiyo na jina ilimfikia mkuu wa chuo, ikidai kwamba anawafundisha vijana "picha chafu." Maabara ilifungwa, matangi yakamwagwa mtaroni, naye akapelekwa maktabani kugonga mihuri kwenye vitabu hadi alipougua. Barua ile niliiandika mimi. Nilijiambia nalinda jina la ukoo. Leo sina hakika kama haukuwa wivu mtupu.

Saratani ya kongosho iligunduliwa Januari 2019. Alifariki tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi. Sikumwomba radhi, kwa kuwa niliamini hakujua.

Ameacha mume, binti mmoja, na mimi mdogo wake.

Jana nilimuuliza shemeji kwa nini nimechaguliwa mimi kusoma. Akanipa bahasha. Ndani mlikuwa na barua yangu ile ile, na chini yake mwandiko wa marehemu: "Wasifu wangu asome huyu."

Nimesoma, Dada. Sasa pumzika.