Bi Nukta Anatuachia Blogu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutafuta habari, kuziandika na kutugombeza kwa ajili ya hizohizo, mwandishi wetu mwandamizi Bi Nukta anastaafu rasmi. Wageni wa hafla hii ya kumuaga wasilishangae jina hilo. Jina la kwenye kitambulisho analo, ila hata wahasibu hulisahau.

Hili la Nukta alilipata enzi za simu ya mezani. Akitumwa mbali, alipiga simu chumba cha habari na kumsomea mpiga chapa neno kwa neno, alama za uandishi zikiwemo: mvua imenyesha, nukta, daraja limekatika, nukta, abiria wote wako salama, nukta. Mazoea yana taabu. Aliporudi ofisini akaagiza chai: “Chai moja, nukta. Sukari kidogo, nukta.” Mhudumu wa chai akambatiza papo hapo, nasi tukaitikia amina.

Alianzia mahakamani, akaenda halmashauri, kisha akatulia kwenye habari za afya. Ipo wodi ya wazazi ambayo paa lake lilizibwa kwa sababu yeye alirudi kuliandika kila mvua iliponyesha, hadi mganga mkuu akawa anaogopa mawingu.

Kisha mauzo ya gazeti yakaanza kuporomoka. Mhariri mkuu akaleta mkufunzi wa blogu na mitandao ya kijamii, binti wa rika la kitindamimba wa Bi Nukta. Mama wa watu aliketi kiti cha nyuma kabisa, mikono kifuani. Tulipoambiwa kila mwandishi atafungua akaunti, alinyanyua kidole: “Mwanangu, wasomaji wenye hasira nimewakwepa barabarani miaka yote hii. Leo unataka niwakaribishe mkobani?” Sisi tulicheka. Yeye hakucheka. Mimi niliyekaa naye meza moja nilijua kwamba alikuwa na hofu: kazi aliyoijua kama kiganja chake ilikuwa inahama, naye hakuwa na hakika kama ingemchukua.

Lakini kuuliza si ujinga, na Bi Nukta aliuliza. Alimwuliza mkufunzi, akamwuliza mlinzi wa getini, akamwuliza mpiga picha swali lilelile mara tatu mpaka mpiga picha akaanza kupitia mlango wa nyuma. Hatimaye akakabidhiwa nywila ya ukurasa wa gazeti. Siku hiyohiyo, akidhani anamwandikia mdogo wake wa kike, aliwatangazia wasomaji wetu wote: “Mdogo wangu, jana sikupata usingizi. Shemeji yako amekoroma kama trekta lililokwama matopeni.”

Mhariri mkuu alipoliona chapisho hilo kesho yake, lilikuwa limeshasomwa kuliko habari zetu zote za mwezi ule. Akaagiza lifutwe. Bi Nukta akagoma: gazeti letu halifuti, linasahihisha. Akaandika: “Masahihisho. Jana tulichapisha kwa makosa habari kuhusu ukoromaji wa mume wa mwandishi wetu. Habari hiyo haikukusudiwa kwa umma. Hata hivyo, tumeichunguza na kuthibitisha kuwa ni ya kweli.”

Mumewe ni mwalimu wa hesabu. Kwa muda mrefu wanafunzi walimpokea darasani kwa mngurumo wa injini, naye alivumilia kiungwana. Yupo nasi leo; tumwamkie kwa adabu.

Katika maoni ya siku ile, katikati ya vicheko na dawa za kukoroma, alikuwemo mkulima mmoja aliyeandika kwamba trekta la ushirika wao limekwama kweli, tena msimu wa pili huu, na hakuna anayewasikiliza. Bi Nukta alimjibu, akamfuata hadi shambani, na hiyo ikawa habari ya kwanza ya blogu yake. Alirudi macho yanang’aa. “Kumbe hawa watu hawasomi tu,” alisema. “Wanajua mambo!”

Hata hivyo, siku tusiyoisahau ni ile ya video iliyosambaa mitandaoni. Mwanamume anamburuta mtoto wa kike anayelia, anamwingiza garini, anaondoka. Maneno ya chini yalisema ni mwizi wa watoto. Namba za gari zilionekana, na kabla ya adhuhuri watu walishaijua karakana yake ya kuchomelea vyuma. Wakaanza kukusanyika, wengine wana mawe. Mhariri mkuu alikuja mbio: “Wenzetu wote wameirusha, tumebaki sisi. Iweke!”

“Kabla ya hapo kulitokea nini?” Bi Nukta aliuliza.

Akaandika kwenye blogu mistari michache: hatumjui mtu huyu wala hatujui amefanya nini, aliyeona kwa macho yake atuambie. Matusi yakamiminika. Tukaitwa watetezi wa wezi. Aliyasoma yote, uso umemkauka, hadi akafika kwa muuza matunda aliyeandika: “Mama, hao ni majirani zangu. Yule ni binti yake. Alikuwa hataki kwenda kung’olewa jino.”

Bado hakuchapisha. Alimpigia muuza matunda, akapewa namba ya mama wa mtoto. Mama alipokea akilia, video alishaiona. Wakakutana karakanani, pamoja na mtoto, aliyemganda mama yake. Fundi alikuwa amejifungia ndani, na polisi wawili waliokuwa mlangoni walishazidiwa. Bi Nukta akapanda juu ya pipa na viatu vyake vya kazini, akanyanyua simu, akarusha matangazo moja kwa moja, akimhoji mtoto kwa sauti umati usikie.

“Aliye humo ndani ni nani yako?”

“Baba yangu.”

“Alikuwa anakupeleka wapi?”

“Kwa daktari wa meno. Alisema haitauma.” Mtoto akafungua mdomo, pengo likaonekana. “Iliuma.”

Mtu mmoja akacheka, kisha mwingine. Mawe yakaanza kudondoka chini moja moja, wenyewe wakiona haya hata kuonekana wameyashika. Fundi alipofungua mlango na kumkumbatia bintiye, Bi Nukta alizima simu. Wasomaji walilalamika kwamba wamekatishwa utamu. Aliwajibu kwamba machozi yale yalikuwa ya familia. Aliporudi ofisini aliketi kwenye ngazi, na mhariri mkuu mwenyewe akamletea maji.

Tangu hapo hakuna chapisho linalotoka kwetu kabla mtu hajauliza: nani aliona? Wageni kazini hufundishwa swali hilo siku ya kwanza, na yule binti mkufunzi sasa hulifundisha kila anakoalikwa.

Asubuhi ya leo Bi Nukta aliwaaga wasomaji kwenye blogu. Maoni yamekuja kwa mamia, naye ameapa kutoondoka kabla hajamjibu kila mmoja. Tunapoandika haya wageni wameketi, spika zimejaribiwa, na mstaafu wetu bado yuko mezani kwake, miwani puani, anabofya kwa kidole kimoja. Ametuma ujumbe kwamba tumsubiri kidogo.

Tutakusubiri, dada yetu. Asante kwa kazi, kwa ukali na kwa vicheko. Maisha mema na afya tele tunakutakia, wewe na mwalimu. Ukimaliza kuwajibu, njoo ukate keki.