Mashine Iliyomgomea Bi. Kokwijuka

Baada ya miaka ishirini na moja ya utumishi, Bi. Auleria Kokwijuka anastaafu tarehe 30 Juni 1999. Kayanga nzima imeshapata habari, maana amewatangazia mwenyewe, kwa sauti ileile anayoagizia chai.

Aliajiriwa mwaka 1978 kuwa mpiga chapa wa ofisi yetu. Aliitwanga taipureta mpaka herufi o ikawa inatoboa karatasi. Kompyuta ilipoletwa mwaka 1992, aliifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni, kisha akaanza kuifokea kwa Kinyambo. Enzi hizo kioo kilikuwa cheusi, hakina picha hata moja. Ukitaka kitu, unaandika amri. Hilo lilimfaa kabisa. Kuamrisha watu alikuwa amekuzoea tangu utotoni.

Mkufunzi kutoka Bukoba alimfundisha kwa haraka akaondoka. "Mashine ikikuuliza swali," alimwambia, "ijibu kwa herufi ya kwanza ya jibu lako."

Wakati huo Mzee Telesfori, katekista kipofu wa Bweranyange, alikuwa akija kila Jumatatu kumwimbia nyimbo za zamani za Kinyambo, naye akizichapa. Nyingine hazikukumbukwa na mtu mwingine yeyote. Printa ilikuwa mbovu, kwa hiyo zote zilikaa ndani ya mashine tu.

Ijumaa moja mwaka 1993 mkuu wetu, Bwana Egbert, aliyeiogopa kompyuta kama nyoka, aliambiwa kuwa diski imejaa.

"Futa hayo manyimbo," akaagiza. "Nafasi ni ya ripoti."

Bi. Kokwijuka alibishana naye mpaka chai ikapoa, akashindwa. Akaandika DEL, yaani futa, na kutaja nyimbo zote. Mashine ikamuuliza kwa Kiingereza kama ana hakika: Y au N? Akabonyeza N, akimaanisha ndiyo, akaenda kulia nyuma ya jiko la ofisi.

Jumatatu hakumngoja Mzee Telesfori aketi. "Shikamoo, Baba. Nyimbo zako nimezifuta."

Mzee akapapasa kiti kwa fimbo yake. "Marahaba, mwanangu. Umeangalia?"

Hakuwa ameangalia. Akaandika DIR, amri ya kuonyesha vilivyomo, na nyimbo zikaanza kupanda kiooni moja baada ya nyingine. Yowe alilopiga lilimleta Bwana Egbert mbio.

"Nilifuta, bosi," akamwambia. "Mashine imekataa. Na mimi siiagizi tena."

Bwana Egbert aliitazama mashine, hakuigusa, akarudi alikotoka. Sisi ndio tuliomweleza Bi. Kokwijuka kwamba kwa Kiingereza N ni kukataa. Akasema hayo ni matatizo ya Waingereza.

Kitabu cha nyimbo kilitoka mwaka 1996. Siku ya uzinduzi Mzee Telesfori aliisimamisha kwaya katikati ya wimbo na kuisahihisha mbele ya wageni wa heshima, huku Bi. Kokwijuka akimpigia vigelegele.

Ahsante kwa yote, Bi. Kokwijuka. Migomba yako ikustawie, wajukuu wakutii, na afya isikuache. Kuanzia Julai ofisi itakuwa na utulivu mkubwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuomba.