Mwalimu Sixtus Kitwana na Watoto Wasiouona Ubao

Baba Padri, wazee wetu, walimu na majirani mliokusanyika hapa kutufuta machozi, mimi Zahoro, mtoto wa mama mdogo wa marehemu, nimetumwa na familia kuwasomea maisha ya ndugu yetu.

Mwalimu Sixtus Kitwana alizaliwa tarehe 9 Machi 1917 kijijini Gwata, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Kitwana Pazi na Bibi Mwanne, wakulima wa mpunga na muhogo. Mwaka 1927 alianza shule ya misheni, akabatizwa huko, akasomea ualimu, na Januari 1937 akapangiwa shule ndogo ya Serikali ya Wenyeji karibu na Maneromango, alikofundisha mpaka nguvu zilipomwishia.

Tarehe 14 Mei 1940 alifunga ndoa na Redempta, wakajaliwa watoto wawili, Genoveva mwaka 1941, na Hilario mwaka 1944, ambaye surua ilimchukua kabla hajaanza kusema vizuri.

Genoveva aliingia shule ya baba yake mwaka 1949, akasifiwa kwa nyimbo na hesabu za kichwa, lakini kila walipoambiwa wanakili maneno ya ubaoni, kibao chake kilibaki kitupu, baba akidhani ni uvivu, hadi asubuhi moja alipomkaripia mbele ya wenzake, naye mtoto akauliza kwa mshangao, "Baba, kwani huko ubaoni pameandikwa kitu?"

Mwalimu aliweka chaki chini, akatoka nje. Kesho yake aliandika herufi kubwa, akawasimamisha wanafunzi nyuma ya darasa mmoja mmoja, na kati ya watoto arobaini na mmoja, saba hawakuziona, wakiwemo Mwishehe na Mwamvita, waliokuwa wakiitwa mabumbumbu, ambao waliposogezewa maandishi karibu na pua waliyasoma yote.

Aprili 1950 alimpeleka Genoveva hospitali Dar es Salaam, kwa miguu hadi Kisarawe na kwa lori kutoka hapo, daktari akampima, akasema macho hayana ugonjwa, yanataka miwani tu, ila miwani huagizwa Ulaya, na watoto wa shule za vijijini hawamo katika mpango wa kuagiziwa. Alipomweleza mkaguzi wa shule, alijibiwa, "Mwalimu, hao watalima, na jembe halihitaji miwani." Aliomba tena kila mkaguzi alipokuja, na jibu halikubadilika.

Akabaki kuwaketisha mbele, akisoma kwa sauti kila neno aliloandika, hata sauti ikamkauka. Lakini mtihani wa darasa la nne, Novemba 1952, ulisimamiwa na mwalimu mgeni, maswali yakaandikwa ubaoni kimyakimya, na wote saba wakaanguka. Redempta anasema siku ile mumewe hakugusa chakula, alikaa uani akirudia, "Walikuwa wanajua, mama Genoveva, walikuwa wanajua." Genoveva alishika jembe, na wenzake vivyo hivyo. Madarasa yaliyofuata nayo hayakukosa watoto wa namna hiyo, akawapima, akawajua kwa majina, asiwe na la kuwafanyia.

Mei 1955 alianza kukohoa damu, akatibiwa Kisarawe na baadaye Dar es Salaam, akarudishwa nyumbani pasipo matumaini, na adhuhuri ya tarehe 2 Agosti 1956 alikata roho, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa, akiacha mjane na binti mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, walimu wenzake walioshika vipindi vyake, majirani wa dini zote waliopika na kukesha nasi, na Mwishehe aliyeongoza vijana kuchimba kaburi.

Kabla jeneza halijafungwa, tunawaomba mliokaa mbele mpishe kidogo, Genoveva asogee, maana kutoka pale alipo hauoni uso wa baba yake.

Mwalimu wetu, umechoka, lala sasa kwa amani.