Mistari ya Koti la Baharia

Bohuš, mkata ngozi wa kiwanda cha viatu, hakupanda basi la umeme ili asikilize mambo ya watu. Lakini mbele yake mama mmoja alikuwa ametandaza koti la baharia magotini, brashi ya wino mkononi, akimfokea mzee asiyemjua.

"Wiki nzima nimelichora mistari, mmoja mmoja, kwa ajili ya filamu yetu. Madobi wamelifua, mistari yote imetoka! Sasa ofisi inasema nilipeleke hivyohivyo asubuhi hii, la sivyo nisirudi kazini."

"Lipeleke, ndugu. Nani ataangalia mistari ya koti?"

"Bahari tumeichora, meli tumeichora, hata mawingu. Halafu baharia aingie na koti jeupe tupu, kama mtu aliyepotea njia ya buchani?"

Bohuš alicheka, akajifanya anakohoa.

Basi liliposimama kituoni, mama alichora mistari miwili. Lilipoondoka aliinua brashi na kungoja, kwa sababu mstari uliotikisika kwake ulikuwa uchafu tu.

"Una watoto?" mzee akauliza.

"Watatu."

"Basi wafikirie hao."

"Nawafikiria. Ndio watakaoitazama filamu hiyo."

"Watakufukuza, mama."

"Wanifukuze. Koti litabaki na mistari yake. Hebu nishikie huu mkono wa koti, usikunjike."

Mzee aliushika huku akinung'unika. Walipofika mwisho wa njia, Kudlov, penye studio ya filamu, mkono huo ulikuwa bado mweupe nusu.

"Shukeni wote!" dereva akapaza sauti.

"Ndio kwanza basi limetulia," mama akasema, akachovya brashi.