Papa Wazima wa Mlangoni mwa Mto

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, nyuma ya banda la barafu, na wanaokaa hapo hawajawahi kukosa jibu la jambo lolote, hata wasiloulizwa. Asubuhi hiyo Kamba ndiye aliyewanunulia kahawa, naye si mtu wa kutoa. Kamati ya wavuvi ilikuwa njiani kuja kuamua kama wavu wake, uliofunga mlango wa mto toka ukingo hadi ukingo, ung'olewe. Wanasema anamaliza papa wachanga. Kamba hana wavu mwingine, hana kazi nyingine, na akili nyingine pia hana. Alitaka mashahidi.

— Nyie semeni ni wazima. Papa wazima, wa aina fupi.

— Aina fupi ipo, alisema Daktari, aliyepata jina hilo kwa kufagia zahanati. Maji ya mto hayana chumvi ya kutosha. Mwili unadumaa.

— Ndiyo maana ya maji ya kifuu bahari ya chungu, alidakia Redio, fundi viatu. Papa akizoea maji kidogo, anakuwa chungu.

— Hilo ndilo nikaiambie kamati?

— Basi sema ni wazee. Wanakuja mtoni kupumzika, wananywea kama babu yako.

— Wazee wapi, alisema Daktari. Hawa hawazaliwi kabisa. Wanaota kwenye mizizi ya mikoko, kama uyoga. Ukivuna, wanachipua.

— Umewaona wakiota?

— Uyoga nao umeuona ukiota?

— Mara wazee, mara uyoga, alinung'unika Kamba. Kamati ina masikio, jamani.

— Hata wakiwa watoto, alisema Redio akisogeza kikombe kiongezwe, samaki mkunje angali mbichi. Wahenga wenyewe wameruhusu.

Moyo wa Kamba ukatua.

Ndipo akaja mke wa kaka yake, aliyehamia juzijuzi kutoka bara na kupewa kazi ya kuwapasua hao papa. Amebeba beseni la papa, kanga imerowa damu.

— Shikamooni. Shemeji, niulize tu, mimi mgeni wa samaki. Papa mzima anakuwa na kitovu kibichi?

— Kitovu gani?

Akamgeuza mmoja tumbo juu. Kati ya mapezi ya kifuani palikuwa na kidonda chekundu, hakijafunga. Akamgeuza wa pili. Akamgeuza wa tatu.

— Nimezaa, shemeji, kitovu nakijua. Mama zao wako wapi?

Daktari alimalizia kahawa yake upesi. Redio aligeuka kutazama njia.

— Kamati hiyo inateremka, alinong'ona.

— Funika beseni, alisema Kamba.

— Nifunike ya nini, shemeji, nanyi mmesema ni wazima?