Maisha ya Mzee Elphas Shitanda na Kongoni wa Barabara ya Soy

Jumatano asubuhi, siku moja baada ya marehemu kuaga dunia, Mama Nangila, jirani wa miaka mingi, alisema kisimani kwamba Mzee Elphas alikuwa na dawa ya kusimamisha wanyama. Kwamba alipoitoa mfukoni, hata mnyama mwenye mbio za namna gani alikwama miguu kama amefungwa kamba. Na kwamba kama koti lake halitapekuliwa kabla ya maziko, ng'ombe wa kijiji kizima watasimama njiani jioni na kukataa kurudi nyumbani. Nanzala, binti wa marehemu, alikuwa papo hapo na ndoo yake, mtoto mgongoni.

"Mama, koti tumeshalipekua," alimwambia. "Tumepata ugoro."

"Ugoro tu?"

"Ugoro tu, Mama. Na huo pia alikuwa hataki mchungaji ajue."

Wanawake walicheka, Mama Nangila mwenyewe akacheka, kisha akamsaidia Nanzala kujitwika ndoo. Lakini neno hilo limeshatembea, na wengi mlioketi hapa leo mmelisikia. Marehemu hakuwa na dawa. Alichokuwa nacho kitaelezwa hapa mahali pake, kwa sababu katika siku zake za mwisho alisema hataki kusifiwa nusu.

Marehemu Elphas Shitanda alizaliwa hapa Malava, kwetu Wakabras, mwaka wa 1898, mtoto wa tatu wa Mzee Murunga na Mama Nanyama. Tarehe haikuandikwa. Mama yake alikuwa akisema ilikuwa wakati wa kuvuna wimbi, na kwamba mtoto huyu hakulia alipozaliwa. Alifungua macho akaangalia paa la nyumba kama mtu anayetafuta mahali linapovuja.

Mwaka wa 1911 aliingia shule ya misheni, akasoma kwa miaka mitatu. Mwalimu alimkalisha nyuma kabisa, mlangoni, kwa maana yeye angeweza kusoma ubao hata kutoka uani, na nafasi ya mbele ikaachiwa walioona vibaya. Akiwa pale mlangoni, ndiye aliyewanong'oneza wenzake kwamba mkaguzi anashuka mlima, wakati wengine hawaoni hata vumbi. Darasa zima lilijulikana kwa tabia njema kwa sababu hiyo. Masomo yalikoma baba yake alipofariki mwaka wa 1914, akarudi kulima na kuwatunza wadogo zake.

Mwezi wa Machi 1919 alitembea kwa miguu hadi Eldoret, mji ambao wenyeji wake bado waliuita Sisibo, akapata kazi ya kuongoza maksai wa kulima katika shamba la Bwana Prentice, setla mmoja upande wa Soy. Bwana Prentice alilima ngano, lakini ngano hakuipenda. Alipenda wanyama, na siku zile mbuga yote ya kutoka Soy mpaka Turbo ilikuwa na kongoni, punda milia na twiga, nyasi zikifika kiunoni. Mwaka wa 1926 alinunua motokaa ya boksibodi, yenye sanduku la mizigo nyuma, na kamera ya miguu mitatu, akaanza kuzunguka nchi akipiga picha. Wakati mwingine walifika hata Timboroa kutafuta mbega msituni. Elphas alipandishwa nyuma, asimame ameshika bati la paa, aone.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kuona. Akiona mnyama aligonga paa mara mbili, na gari likasimama. Mara tatu, gari likaondoka haraka. Maneno hayakutumika, kwa sababu sauti ya mtu huwashtua wanyama kuliko sauti ya chuma.

Alimwoa Nelima katika kanisa la hapa Malava tarehe 17 Desemba 1927. Siku alipokwenda kumposa, Nelima alimwuliza anafanya kazi gani kwa wazungu.

"Naona," akajibu.

"Unaona nini?"

"Chochote ambacho mzungu hajakiona."

"Na wanakulipa kwa hayo macho?"

"Na posho juu."

Nelima aliingia jikoni akawaambia dada zake kwamba mwanamume aliyekuja ama ni mwongo ama ana bahati, na yeye yuko tayari kwa yote mawili. Ndoa hiyo ilidumu hadi siku marehemu alipofunga macho. Mungu aliwajalia Murunga, Nanzala na Sarah.

Picha za mwaka wa kwanza zilikuwa mbaya. Kongoni waliposikia gari walikimbia, na Bwana Prentice akarudi nyumbani kila mara na picha za vumbi na mikia. Alikuwa karibu kuiuza kamera. Elphas ndiye aliyemwambia habari ya chumvi. Alikuwa amemwona rafiki yake Kimeli, mchungaji wa ng'ombe wa shamba lile, ambaye amekuja leo kutoka Soy na ameketi hapa pamoja nasi, akiwaongoza ng'ombe wakaidi kwa donge la chumvi tu mkononi. Basi walichukua chumvi ya ng'ombe, wakaimwaga kando ya barabara palipokuwa na kongoni, wakaiacha motokaa ikinguruma karibu yake, wao wenyewe wamekaa kimya ndani. Siku za kwanza kongoni walitazama kwa mbali. Baadaye walikuja gari likiisha kuondoka. Mvua za mwaka wa pili zilipopita, walikuja gari likiwa lipo. Mwisho ikawa wakisikia ngurumo ya motokaa hiyo, wanatoka wenyewe kwenye nyasi na kusimama.

"Shemeji zako hao wamefika," Kimeli alikuwa akimtania. "Utalipa mahari lini?"

"Nimeshalipa. Chumvi yote hiyo hukuiona?"

"Chumvi ya mzungu, Mkabras. Mahari hailipwi na mwajiri."

Iko picha moja ukutani kwa Mama Nelima, ya ndama wa kongoni akiinusa taa ya gari. Nyuma yake, kwenye kona, unaonekana mkono wa marehemu umeshika bati. Picha za namna hiyo Bwana Prentice alizionyesha kwenye kilabu ya wazungu mjini Eldoret, na watu wakamsifu. Hakuwaambia habari ya chumvi, na hakumtaja mwenye wazo.

Sasa tunafika mahali ambapo marehemu alisema pasirukwe.

Mwezi wa Agosti 1932, Bwana Prentice alikwenda kwao Uingereza kumwuguza mama yake, akamwachia setla jirani yake lile gari. Kongoni walikuwa wakivunja nyua za jirani huyo na kulala katika ngano yake. Asubuhi moja alikuja na wenzake wawili wenye bunduki, akamwambia Elphas, "Panda, utuonyeshe wanakokaa." Elphas alipanda. Bunduki aliziona. Alijiambia kwamba kongoni ni wepesi, mlio wa kwanza tu watakuwa wamevuka mto, na wazungu hawa watarudi na hasira na matope.

Akasimama mahali pake pa siku zote, upepo usoni. Alipoona pembe za kwanza juu ya nyasi, mkono wake uligonga paa mara mbili. Hakuuagiza. Kwa miaka sita jicho lilikuwa likiona na mkono ukigonga, na siku hiyo pia jicho liliona na mkono ukagonga. Gari likasimama, injini ikinguruma. Na kongoni, badala ya kukimbia, wakatoka kwenye nyasi na kuja. Mbele walikuja majike wenye ndama, kwa sababu hao ndio waliopenda chumvi zaidi. Walisimama kando ya gari wakaangalia chini, wakiitafuta.

Marehemu alisema kwamba tangu hapo mpaka risasi ya kwanza kulikuwa na nafasi. Mkono wake ulikuwa bado juu ya bati. Kugonga mara tatu kulikuwa kazi ndogo. Angeweza kulipiga lile bati kama ngoma, wakatawanyika. Hakugonga. Aliogopa kufukuzwa kazi, aliogopa zile bunduki, na aliogopa kuonekana mpumbavu mbele ya wazungu. Alizitaja hofu zote tatu, hakuchagua moja ya kujifichia.

Walipomaliza, walimpa paja zima. Alilibeba mpaka nyumbani, Nelima akalipika, na wote wakala. Yeye pia alikula. Nanzala alikuwa mdogo sana wakati huo, lakini marehemu alikumbuka kwamba mtoto aliomba aongezwe, na yeye ndiye aliyemwongeza.

Bwana Prentice aliporudi alionyeshwa mifupa. Alimshika Elphas bega na kusema, "Si kosa lako, Shitanda." Marehemu alisema neno hilo lilimwuma kuliko kama angechapwa, kwa kuwa yule mtu hakuwa ameuliza kitu chochote. Miaka minne baadaye Bwana Prentice aliuza shamba, akaondoka Kenya. Marehemu alikwenda Turbo akawa mlinzi wa stoo ya mbao, kazi aliyoifanya kwa uaminifu kuanzia 1936 hadi mapema mwaka huu. Alikuwa mzee wa kanisa, aliyesuluhisha ugomvi wa watu bila kupaza sauti, na watoto wote wa Turbo walijua mfuko wake wa kushoto ndio wenye peremende. Nyama ya porini hakuila tena, wala hakueleza kwa nini.

Lakini kongoni hawakwisha wote. Wachache waliokuwa mbali siku ile wakabaki katika nyasi za barabara ya Soy, na kwao habari ya bunduki haikufika. "Aliyepigwa risasi hakurudi kuwaambia wengine," marehemu alisema. Mama wakawafundisha watoto wao kile walichokijua wao, kwamba gari likinguruma ni neema. Hata leo lori likipita, huenda wakatoka na kusimama, na madereva wengine siku hizi wana bunduki chini ya kiti.

Kwa hiyo siku zake za mapumziko marehemu alikuwa akichukua debe na fimbo, anatembea barabara ile na kuwafukuza. Alilipiga lile debe, aliwarushia mawe, aliwatukana kwa lugha tatu. Watu wa Turbo walimcheka kwamba uzee umemwingia vibaya. Kimeli alipomkuta alisema, "Shemeji, leo umekosana na wakwe?" Marehemu alimpa debe, na Kimeli, bila kuuliza zaidi, akalipiga pamoja naye mpaka jua likaelekea kushuka. Tunamshukuru Mzee Kimeli kwa siku hiyo.

Mwishoni mwa Machi mwaka huu mvua kubwa ilimkuta huko mbugani. Hakutaka kurudi, kwa sababu kongoni mmoja jike alikuwa akikimbia hatua chache tu, kisha anageuka na kumwangalia. Alirudi Turbo akitetemeka, homa ikamshika, kifua kikajaa. Alilazwa hospitalini Eldoret, madaktari wakasema ni nimonia. Tarehe 20 Aprili aliomba aletwe nyumbani. Nanzala alikuja kutoka Soy kumwuguza, pamoja na watoto wake. Mzee Elphas Shitanda aliaga dunia hapa Malava asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Mei 1954, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mama Nelima.

Ameacha mjane, Mama Nelima, mwanawe Murunga, karani wa reli Eldoret, binti zake Nanzala, mke wa Wepukhulu wa Soy, na Sarah, ambaye bado yuko nyumbani, wajukuu watano, wadogo zake wawili, na rafiki yake Kimeli. Mungu aliyemfahamu kuliko sisi ampokee, na udongo wa Malava umlaze kwa upole.

Limebaki ombi lake. Alilitoa siku chache kabla ya kutuacha, saa za mchana, akiwa ameegemezwa kwenye mito. Nanzala alikuwa akimnyonyesha mtoto mchanga, na Nanyama, binti yake wa miaka mitano, alikuwa ameketi mlangoni akicheza na vigunzi vya mahindi.

"Nanzala, mama."

"Naam, Baba."

"Ukirudi kwako utapitia barabara ileile?"

"Ndiyo, Baba. Lori la mbao litatuchukua pale Turbo."

"Watalisikia. Watatoka."

"Huwa wanatoka. Nanyama huwapungia mkono, na wao wanamwangalia tu."

Mzee alifumba macho. Nanzala alidhani amelala, akamhamisha mtoto titi la pili. Kisha mzee akasema, macho bado yamefumbwa, "Asiwapungie tena. Mwambie dereva asimame, umshushe. Mwokotee mawe, madogo, yanayotosha mkono wake. Mwonyeshe kurusha."

"Baba, mtoto anawapenda."

"Najua. Mimi pia nawapenda." Alikohoa, akangoja pumzi irudi. "Mwambie awapige mpaka wakimbie. Wakigeuka kumwangalia, awapige tena. Na akilia, mama, mwache alie, lakini asiache kurusha."